Saa za Rangi ya Kikwembe

Nilikuwa nimekaa chini kando ya barabara ya Kakontwe, miguu nimeinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri kulishwa, vidole viwili nimeviweka shingoni. Moyo ulikuwa unapiga ovyo. Sisemi ulikuwa unaenda mbio, kwenda mbio nakujua. Ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unasimama kidogo, halafu unarudi kwa hasira. Malori ya mawe yalikuwa yanapita, na vumbi lake jeupe linanikalia usoni juu ya jasho.

Prezidanti wa kundi letu la futing, la kukimbia asubuhi, alirudi nyuma akanisimamia. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akanyanyua mkono wangu wa kushoto kama mtu anayeokota kitu chake mwenyewe, akageuza saa, akasoma.

"Themanini na sita!" akawatangazia wote. "Saa inasema uko muzuri. Simama, maman. Unaharibisha mustari."

"Siko muzuri."

"Weye njo unajua kupita mashini?"

Basi. Niliifungua ile saa. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja anauza muhogo mbichi uliomenywa, ule wa kutafuna na karanga, ameupanga ndani ya beseni. Nikachukua muhogo mmoja mnene, nikaufunga saa kama unavyomfunga mtu, nikaikaza, nikasubiri.

"Eh, maman," akasema mwenye beseni, "ule muhogo utalipa?"

"Nitalipa. Ngoja kwanza tuone kama uko muzima."

Bamama walikuwa wameshatuzunguka, wanahema, vitambaa vya kichwa vimewashuka. Ile taa ya kijani ya chini ya saa iliwaka, ikazima, ikawaka. Vile vialama vya kutafuta vikazunguka kwenye kioo. Halafu namba ikatoka. Themanini na nne.

Nikauinua juu.

"Mama prezidanti, ona, huyu naye yuko muzuri. Mwambie asimame akimbie!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini karibu yangu. Mwenye beseni alicheka kuliko wote, akasema muhogo wake ni wa shamba la dada yake na haujawahi kuugua. Prezidanti hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, karibu na sikio, "Umetia kundi haya mbele ya batu ba barabara," kisha akapuliza filimbi, na mstari ukaondoka ukiimba. Mimi nikabaki na muhogo.

Sasa mtaani wanasimulia habari ya muhogo peke yake, kama kichekesho. Hata mwenye duka la mkate ananiuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Mimi sicheki. Nataka kueleza kilichokuwa nyuma ya muhogo, maana kilichokuwa nyuma ni mimi kufa au kutokufa.

Mtoto wangu alipozaliwa alitoka vizuri, analia, ana kilo zake. Mimi ndiye niliyebaki nyuma. Miguu ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine. Sikuweza kulala chali, nikilala nasikia kama maji yananipanda kifuani. Niliambiwa ni uchovu wa uzazi, nikaambiwa ni chumvi, nikaambiwa kuna mtu ananionea wivu. Daktari ndiye aliyenisikiliza kifua kwa muda mrefu, akanisikiliza tena, akasema moyo wangu umechoka na kazi ya mimba. Umelegea, haubani sawasawa. Inatokea kwa wanawake wengine, akasema, na wengine wanapona. Hakusema wote.

Nilimeza vidonge mpaka nikazoea uchungu wake. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa, mimi bado nikipanda ngazi mbili nashika ukuta. Halafu polepole nikaanza kurudi. Siku daktari aliporidhika, alisema sasa moyo unahitaji kuzoeshwa kazi. Kutembea haraka, kukimbia taratibu. Lakini akanipa mipaka miwili. Kwanza, mapigo yasipite mia na ishirini kwa dakika, yakipita, natembea, yakikataa kushuka, nakaa chini. Pili, nisikimbie peke yangu hata siku moja.

"Nitajuaje kama yamepita?" nikamuuliza.

Akachukua vidole vyangu viwili, akaviweka shingoni, chini ya taya. "Hapa. Angalia saa ya ukutani, hesabu."

Sawa. Nyumbani unaweza kuhesabu. Lakini jaribu kuhesabu shingo yako huku unapanda kilima cha hapa Likasi, jirani anaimba upande huu, lori linapiga honi upande ule. Unafika ishirini, unasahau, unaanza upya. Na ukisimama ili uhesabu, mapigo yanashuka, kwa hiyo unahesabu kitu kingine kabisa. Ndipo nilipoanza kutafuta kifaa.

Nilizunguka kwenye maduka ya simu mjini wiki nzima, mtoto mgongoni. Wauzaji wote walinionyesha saa. Nzuri, zinang'aa, zinahesabu hatua, zinakuonyesha ujumbe wa simu, na kwenye pembe kuna kimoyo chekundu kinachodunda. Nilikuwa nauliza swali moja tu: nikiwa nakimbia, hii namba ni ya kweli? Hakuna aliyejua. Mmoja aliniambia ni ya kweli kwa sababu ina chaja yake. Mwingine aliniambia ni ya kweli kwa sababu mke wake anayo.

Kwa hiyo nikawa nazipima mwenyewe. Navaa saa, naweka vidole shingoni, napanda na kushuka ngazi za mbele ya duka, nasimama, nalinganisha. Nikiwa nimekaa, nyingi zilikuwa karibu na ukweli. Nikihema, zilipotea. Nyingine ilikuwa inachelewa, inanipa mapigo ya dakika iliyopita. Nikajifunza kwamba zile saa zinapima kwa mwanga. Zinamulika ngozi, zinaangalia damu inavyopita. Saa ikilegea, jasho likiingia katikati, mkono ukipiga huku na huku, mwanga unaona kitu kingine na mashini inajaza yenyewe. Zile nzuri zinajitahidi. Zile za bei rahisi zinabuni.

Katika duka la mwisho, karibu na soko, mwenye duka alikuwa na kitu kingine kwenye droo, chini ya chaja zilizokufa. Mkanda mweusi wa kufunga kifuani, chini ya matiti, na katikati kidude kama kifungo kikubwa. Huo hautumii mwanga. Unasikiliza moyo wenyewe kupitia ngozi, halafu unapeleka namba kwenye simu, na simu unaweza kuiambia ipige kelele ukipita mpaka wako. Moyo wangu ulitulia niliposikia hivyo. Nikasema huu ndio wangu, nitarudi na fedha.

Kosa langu lilikuwa kuutaja kwenye mkutano wa kundi.

Huku kwetu watu hawakutani mara tatu bila kuchagua prezidanti na kununua kikwembe kimoja. Kundi letu lilikuwa la bamama wa mtaa mmoja wanaokimbia Jumamosi asubuhi, lakini lilikuwa na prezidanti, makamu, sekretere, mshika fedha, kanuni zilizoandikwa, na kitambaa chetu, kikwembe cha rangi ya machungwa chenye majani meusi, kila mtu ameshona blauzi yake na kilemba chake. Ukija bila kilemba unakimbia nyuma. Ukija na kilemba cha rangi nyingine, rudi nyumbani. Sikatai. Nilikipenda kile kitambaa. Nilikuwa nimetoka kwenye kitanda cha hospitali, na kukimbia ndani ya rangi ile, kati ya watu wanaoimba, kulinifanya nijione tena mtu.

Nikasema kwenye mkutano kwamba daktari anataka nipime moyo, na nimepata mkanda.

"Mukanda gani?" prezidanti akauliza.

Nikaeleza.

"Unavaa mu ndani?"

"Ndiyo, chini ya sidiria."

"Sasa nani ataiona?"

"Hakuna. Si ya kuonwa, ni ya kupima."

Kicheko kikazuka. Mama mmoja akasema, "Eh, bamama, leo tunanunua uniforme ya kuficha! Kesho tutanunua bikwembe bya kuvala mu ndoto!" Mwingine akauliza kama mkanda unarudisha matiti juu, maana kama unarudisha basi yeye yuko tayari kununua hata miwili. Nilicheka pia. Ningefanya nini?

Prezidanti akapiga makofi tunyamaze. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wazo langu ni zuri, moyo ni kitu kikubwa, lakini katika kundi hili hakuna mtu anayevaa kitu chake. Mmoja akinunua, wote wananunua. Tuko familia moja. Na kwa bahati shemeji yake alikuwa anarudi kutoka mpakani Kasumbalesa na mzigo wa saa za kupima moyo, za rangi zote, hata rangi ya machungwa.

Ndivyo tulivyochagua kifaa cha kupima moyo. Nataka mtu aliye mbali aelewe jambo hili. Hatukuuliza kinapimaje. Hatukukijaribu. Tulibishana karibu mkutano mzima kama rangi ya machungwa ya saa itaendana na rangi ya machungwa ya kitambaa au itazidi kuwa nyekundu. Wengine walitaka nyeusi, kufuata majani. Wakaambiwa nyeusi ni ya kilio. Sekretere alileta kipande cha kitambaa, wakakiweka juu ya picha kwenye simu, wakakipeleka mlangoni kwenye jua. Tulichagua mashini ya moyo kama tunavyochagua kikwembe cha harusi. Mikono ikainuliwa, rangi ya machungwa ikashinda.

Nilinyoosha mkono nikasema tuijaribu kwanza moja. Prezidanti akaniangalia kwa huruma.

"Muke ya fulani," akasema, maana huwa ananiita kwa jina la mume wangu, "kama weye unatafuta bugonjwa, shie tunatafuta afya."

Saa zilikuja. Zilikuwa nzuri, nasema ukweli. Jumamosi ya kwanza tulipita katikati ya mtaa mikono juu, watu wakatoka kwenye milango yao. Tangu siku ile prezidanti akaanzisha desturi mpya. Kila tunapopumzika anapuliza filimbi, tunanyanyua mikono, na kila mmoja anataja namba yake kwa sauti, kama mwito wa darasani. Mwenye namba ndogo anapigiwa makofi na kuitwa moyo ya chuma. Mwenye namba kubwa anaambiwa apunguze makayabu, wale samaki wa chumvi. Watu wakaanza kujivunia. Nilimsikia mama mmoja sokoni akitaja namba yake kama unavyotaja maksi za mtoto.

Mimi nilianza kuona mambo. Nikimkimbiza mtoto asishike jiko, saa inasema themanini na tatu. Nikipanda kilima na vidole shingoni vinaruka, saa inasema themanini na saba. Nikilala, themanini na mbili. Ilikuwa saa ya amani sana ile. Dunia iungue, yenyewe themanini na kitu.

Nikamwendea prezidanti nyumbani kwake, kwa heshima, na mtoto mgongoni, siku ya kazi, ili nisimwaibishe mbele ya wengine.

"Mama, hii saa inadanganya. Nimelinganisha na vidole."

"Vidole byako biko na bateri?"

"Mama, mimi nina ugonjwa wa moyo."

"Njo maana unaogopa. Woga njo inakupigisha roho. Saa haiogope."

Akanipa soda. Akamsifu mtoto. Akanisindikiza mpaka njiani. Nilirudi nyumbani nimebeba hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa. Na Jumamosi nikavaa tena ile saa na kukimbia, kwa sababu daktari alisema nisikimbie peke yangu, na wengine wa kukimbia nao sikuwa nao. Baada ya hapo ikaja ile siku ya Kakontwe, nikakaa chini, akanisomea themanini na sita.

Mume wangu anafanya kazi Kakanda, anarudi nyumbani siku zake za mapumziko. Nilipomsimulia habari ya muhogo alicheka, halafu aliona uso wangu, akaacha.

"Achana na bale bamama. Kimbia kwa kiwanja cha masomo, peke yako, polepole."

"Daktari alisema nini?"

"Usikimbie peke yako," akakiri.

"Nikianguka pale kiwanjani, wewe uko Kakanda. Utajua kwa nani?"

Alimchukua mtoto, akaenda kukaa naye nje, na nilimwona anamweka mkono kifuani, kifua cha mtoto, kama anayesikiliza. Kesho yake tulienda pamoja kwenye lile duka la mwisho. Mkanda ulikuwa bado ndani ya droo, chini ya chaja zilezile.

"Sinunui mpaka nijaribu," nikamwambia mwenye duka.

"Maman, hapa haiko hopitali."

"Najua. Nipe maji."

Mkanda haufanyi kazi ukiwa mkavu. Sehemu zinazogusa ngozi lazima ziloane. Nilienda nyuma ya pazia la duka, nikalowesha, nikafunga. Ulikuwa mfupi, ukanibana chini ya matiti, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yakaulowesha zaidi kuliko maji yalivyofanya. Basi nikasema vizuri, mtoto naye amechangia. Tuliunganisha na simu. Nikatoka nje, nikapanda zile ngazi za mbele ya duka mpaka nikahema, mume wangu ameshika simu, mimi nimeshika shingo.

"Kumi na tano, kumi na sita..." nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na yeye anaangalia sekunde.

Tulipolinganisha, vidole na mkanda vilikuwa vinasema kitu kimoja. Nikapanda tena, nikazidisha. Simu ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Watu wa duka la jirani wakatoka kuangalia. Nilisimama pale kwenye ngazi, blauzi imeloa maziwa, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Kwa mara ya kwanza tangu nizae, kitu kilikuwa kimenikubalia kwamba ninachosikia ndani yangu ni kweli.

Nilidhani hapo mambo yameisha. Jumamosi iliyofuata nikaenda na mkanda wangu ndani, kilemba changu kichwani, mkono mtupu. Prezidanti aliangalia mkono.

"Saa iko wapi?"

"Nyumbani. Nina mkanda."

"Onyesha."

"Hapa barabarani nifungue blauzi?"

"Basi hauko nayo. Kanuni ni kanuni. Bila uniforme, hapana kukimbia. Na ile habari ya muhogo, kamati itakaa juu yake."

Nilirudi nyumbani nikiwasikia wanaimba wanavyopanda kilima. Nilizunguka uwanjani kwetu, kutoka kwenye choo mpaka kwenye mlango, kutoka kwenye mlango mpaka kwenye choo, mpaka simu ikalia kwenye kiuno changu. Hasira peke yake ilikuwa imenipitisha mpaka.

Mchana wake alikuja kwangu mama mmoja wa kundi, yule mnene anayekimbia mwisho wa mstari, anayeuza samaki wa ziwa la Tshangalele. Hakuwahi kuja kwangu kabla. Alileta samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti, akakaa, akamsifu mtoto, akaongea habari ya jua. Halafu akauliza, bila kuniangalia:

"Ile muhogo... ulifanya tu muchezo, si ndiyo?"

"Haikuwa mchezo, mama. Uliona kwa macho yako."

"Labda muhogo uko na joto."

"Mama, kuna nini?"

Akazungusha ile saa yake ya machungwa mkononi. Ilikuwa imemkaa vizuri, ametunza, haina hata mkwaruzo.

"Minye niko na presha," akasema. "Kitambo. Munganga alinipatiaka bidonge. Sasa tangu tulinunua hii saa, kila siku inasema niko muzuri. Themanini. Themanini na moja. Prezidanti aliniitaka moyo ya chuma mbele ya bote." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Nikaona, kama niko muzuri, bidonge ni bya nini? Nikaacha."

Nilimwambia presha na mapigo si kitu kimoja, na kwamba hata saa nzuri kabisa, saa ya kweli, isingemwambia habari ya presha yake. Nilimwambia kwa ukali. Sijui kuongea taratibu nikiogopa. Nikaingia ndani, nikatoka na sharubati na chumvi na samaki wake mwenyewe, sijui nilikuwa natafuta nini, nikarudisha vyote ndani. Mwishowe nilimfunga mtoto mgongoni nikampeleka yule mama kwenye kituo cha afya, tukapima. Mwuguzi alipoona, aliita mwenzake aje aone. Walimlaza chini ya feni, wakampa dawa, wakamzuia kurudi nyumbani mpaka ishuke. Aliniomba nisimtaje kwa mtu, hasa kwa prezidanti. Kilichomuuma hakikuwa ugonjwa. Aliona haya kwa yale makofi aliyopigiwa.

Njiani kurudi nilijua nitaandika. Tangu niache masomo nilikuwa sijaandika barua ya namna hii. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu. Niliisoma nikaona nimejifurahisha, nikaichoma na makaa. Ya pili ilimsema shemeji wa prezidanti na mzigo wake, na mume wangu akasema, "Watasema unataka franga." Alisema kweli, na fedha sikuzitaka. Ya tatu niliiandika mezani, mtoto ananyonya upande mmoja na kuvuta kalamu upande mwingine. Niliinakili mara mbili kwa mkono, moja ya kamati, moja ya ofisi ya michezo ya komini yetu, yaani serikali ya mtaa, ambako kundi letu limeandikishwa. Pale ofisini kijana wa mapokezi aliisoma yote amesimama, akaniuliza, "Maman, ni kweli muhogo?" Nikamwambia gonga muhuri. Akagonga.

Hii ndiyo.

*Kwa Mama Prezidanti na kamati ya kundi letu. Nakala kwa ofisi ya michezo.*

*Mimi ni mwanachama wenu, nimelipa michango yote, kitambaa ninacho. Naleta malalamiko kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimeleta na nikapewa soda.*

*Nalalamika kwamba kundi hili lilichagua kifaa cha kupima moyo kwa kuangalia rangi, na kwamba nilipoomba kijaribiwe nilikatazwa. Nalalamika kwamba kifaa hicho kinatoa namba ileile mtu akilala, akikimbia, na kikifungwa kwenye muhogo, jambo ambalo kamati nzima iliona kwenye barabara ya Kakontwe. Nalalamika zaidi ya yote kwamba nilipokuwa nimekaa chini mgonjwa, niliamriwa kusimama na kukimbia kwa sababu ya namba hiyo. Nisingekuwa mbishi ningesimama. Mtoto wangu angelelewa na nani, kamati haikuwa imepanga.*

*Naiambia pia kamati kwamba kati yetu kuna aliyeacha dawa zake kwa kuamini saa hii na kwa kupigiwa makofi. Jina lake silitaji na msilitafute. Huyo mmoja namjua. Wengine siwajui, nanyi hamuwajui.*

*Sidai fedha za saa. Anayeipenda avae, inapendeza. Naomba desturi ya kutaja namba kwa sauti iachwe Jumamosi hii hii. Naomba itangazwe mbele ya wote, na Mama Prezidanti mwenyewe, kwamba saa haipimi presha na haichukui nafasi ya dawa ya mtu. Naomba kila mwanachama aruhusiwe kupima moyo wake kwa kifaa alichokijaribu mwenyewe, kionekane au kisionekane, na asifukuzwe kwenye mstari kwa ajili hiyo. Na naomba mtu akikaa chini, aulizwe anajisikiaje, na jibu lake liaminiwe.*

*Kama niliwatia haya barabarani, kwa haya hiyo niko tayari kuitwa na kamati. Kwa muhogo sitaomba radhi. Nilishaulipia.*

*Daktari amenikataza kukimbia peke yangu, kwa hiyo Jumamosi nitakuja, na kilemba changu, na mkanda wangu ndani ya nguo. Nitakuwa mwisho wa mstari, mahali pa wanaokimbia polepole. Simu yangu ikilia nitasimama. Naomba mmoja wenu asimame nami.*